Maji machafu alikuwa mzima, maji safi yamemuua

Kila baada ya wiki mbili tatu swali ni lile lile: kwa nini samaki kafa baada ya kubadilishiwa maji? Samaki wa tangini aitwaye oska, wa sentimita 25, tangi la lita 300, miezi minane hajaugua. Wageni wanakuja Jumapili, mwenye tangi kaona aibu, katoa nusu ya maji na kujaza ya bomba yaliyolala pipani siku mbili. Jioni samaki anahema juu juu, mapezi kayabana. Asubuhi kalala ubavu. Lawama zote kwa bomba. Jamani, klorini ilishapaa zamani kutoka kwenye hilo pipa. Tusikilizane, tena polepole, maana hili tumeshalisema mpaka sauti imekauka.

1. Anza na chakula ndipo uje kwenye filta. Gramu 5 za punje zenye protini asilimia 40 hutoa karibu gramu 0.18 za nitrojeni ya amonia. Kwenye lita 300 hiyo ni miligramu 0.6 kwa lita, kila siku ya Mungu. Oska anatafuna na kutema nusu kupitia matamvua, kwa hiyo kinachobaki chini kinyonywe kwa mpira siku hiyo hiyo.

2. Filta: sponji nene kwanza, laini inafuata, pete za udongo mwisho. Pampu iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa ikishabebeshwa sponji na kupandisha maji hutoa kama nusu yake, basi nunua kwa hesabu hiyo. Sponji ioshwe kila wiki, kwenye ndoo ya maji ya tangi, siyo chini ya bomba. Na mavi yaliyonaswa ndani ya filta bado yamo majini! Hujayatoa, umeyaficha tu.

3. Sasa huyu marehemu wetu. Hapa hakuna mkongwe wa kumcheka mwenzake, kosa hili limepita karibu kila nyumba yenye oska.

Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, wanakula kaboneti ya maji. Kila miligramu 1 ya nitrojeni hula karibu miligramu 7 za ugumu wa kaboneti. Kwa gramu zetu 5 za chakula, KH (kipimo cha huo ugumu wa kaboneti, kwa digrii) inashuka karibu robo digrii kwa siku. Maji yenye KH ya 4 hayamalizi wiki tatu. Wewe unaongezea tu yaliyokauka, unajisifu kwamba maji yanang'aa. KH ikigonga sifuri, pH (kipimo cha asidi, ikishuka maji yana asidi zaidi) inaporomoka hadi 6 au chini yake, na bakteria karibu wanagoma kazi. Amonia inaanza kurundikana, miligramu 2, 4, hata 8 kwa lita. Samaki hana habari, kwa sababu kwenye pH 6 na joto la 28 ni kama sehemu 7 tu katika 10,000 zilizo amonia yenye sumu. Nyingine zote ni amoniamu, na hiyo haimdhuru sana.

Ndipo unamimina maji safi. Amonia ya 8 inakuwa 4, vizuri. Lakini pH imeruka hadi 7.8, na hapo sehemu yenye sumu ni asilimia 4 na ushee. Piga hesabu: umepunguza amonia nusu, sumu yenyewe imepanda mara 30. Kipimo cha matone hakikuonyeshi hilo, kinasoma zote kwa pamoja. Matamvua yanaungua, samaki anapanda juu kutafuta hewa, na wewe unambadilishia maji tena, ukimmalizia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ndoo, pima pH ya tangi na ya pipa. Zikipishana zaidi ya 0.5, pima na amonia. Ikiwa juu, acha kulisha siku nne tano (oska mkubwa hafi njaa, atakununia tu), badilisha asilimia 10 asubuhi na jioni mpaka amonia ishuke chini ya 1. Usitie bikaboneti ya soda mapema. Itapandisha pH, na tumerudi kule kule. Amonia ikishashuka, gramu 3 kwa lita 100 huongeza KH digrii moja, na digrii moja kwa siku inatosha. Soda tupu, usichanganye na bekingi pauda. Makombe ya baharini yaliyooshwa, kwenye mfuko wa wavu ndani ya filta, yatashika hali baadaye.

4. Ratiba: badilisha maji asilimia 30 kila wiki, nitrati isipite miligramu 40 kwa lita.

5. Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, filta ya nje iliyofungwa inaishiwa oksijeni. Ukirudi, usiwashe moja kwa moja. Fungua, mwaga maji yaliyooza ndani, suuza sponji kwenye maji ya tangi, ndipo uwashe. Pua itakuambia kwa nini.