Yakhe, acha hizo pumzi 30

Hapana. Simama hapo hapo. Umeuliza mambo manne: kama kitu ukipendacho kinafaa kuhatarishiwa maisha (mzee wako anasema ni kujiua), kama uache kazi ya dukani ujifunze kuzamia kwa pumzi moja, ununue mapezi gani ya miguuni, na itakuchukua miezi mingapi kuifikia Dania, ile meli iliyolazwa chini ya bahari. Halafu katikati, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, ukasema unajizoeza peke yako jioni pale Nyali, na kabla ya kushuka "unavuta pumzi 30 za haraka kujaza oksijeni", kama wale wa video unazotazama. Hayo mengine yote yangoje.

Hizo pumzi 30 hazijazi kitu. Mtu mwenye afya akikaa barazani na kikombe chake cha kahawa, damu yake imeshabeba oksijeni karibu yote inayoweza kubeba, asilimia 97 au 98. Ukihema kama mbwa wa mchana wa Februari unaongeza punje tu. Kinachotoka kwa wingi ni kaboni dioksaidi, na hiyo ndiyo kengele yako. Hamu ya kupumua huletwa zaidi na kaboni iliyopanda kuliko oksijeni iliyoshuka. Ule moto kifuani na zile kwikwi za tumbo ni kaboni inabisha hodi. Ukiitimua kabla ya kushuka, oksijeni inakwisha vile vile, ila hodi hupigiwi. Ndiyo maana siku hizi unajiona umekuwa pomboo. Umekata waya wa kengele, sasa unasifu utulivu wa nyumba.

Na hapo bado hatujafika kwenye kupanda, ambako watu wengi ndiko wanakokwisha. Juu ya maji kanieneo, yaani msukumo unaoubana mwili, ni moja. Mita 10 ni mbili, mita 20 tatu, mita 30 nne. Huko chini mapafu yamebanwa, na oksijeni kidogo iliyobaki inasukumwa kwenye damu kwa nguvu, kwa hiyo kichwa chepesi na roho inakwambia kaa kidogo. Tuseme mapafuni imebaki asilimia 4. Kwenye mita 30 msukumo wake ni 0.16, unajimudu. Asilimia hiyo hiyo ukifika juu ni 0.04, na hapo taa imezimika. Mita 10 za mwisho peke yake zinaukata msukumo kwa nusu. Kwa hiyo mtu huzimia akiwa karibu kabisa kutoka, au ameshatoka, amevuta pumzi moja na kukuinulia dole gumba, kisha kichwa kinalala majini. Hapigi kelele wala harushi mikono. Hahisi chochote kinachomwonya. Wewe unangoja mwili ukuambie "sasa basi", na mwili ulishanyang'anywa sauti na zile pumzi 30.

Usinijibu kwamba pale unapojizoeza maji ni ya kifuani. Bwawa la hoteli la mita moja na nusu linatosha kabisa. Tena bwawani ni vibaya zaidi, maana mwokoaji akiona mtu ametulia chini anadhani anafanya mazoezi. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika kati ya dakika 4 na 6. Hesabu mwokoaji anachukua dakika ngapi kumaliza mazungumzo yake ya simu.

Aliyeniambia mimi "vuta, vuta, jaza tangi" alikuwa na filimbi shingoni na fulana yenye maandishi mgongoni. Nikadhani fulana ndiyo cheti. Yaliyofuata siyaandiki hapa, mke wangu husoma. Lakini mwalimu yule hakuwa mjinga wa kutojua. Alijua kwamba mwanafunzi anayeongeza sekunde 40 kwa wiki moja hulipa ada ya wiki ya pili bila kubembelezwa, na kaboni ikifukuzwa sekunde 40 hupatikana bure. Hao wa video unaowatazama ni ndugu zake. Hawakuonyeshi aliyekaa nje ya picha akimlinda huyo anayezama.

Sasa shika neno moja, mengine ukitaka sahau: mmoja chini, mmoja juu. Kila mara. Hata mita 5, hata "nachungulia tu nanga". Mwenzako wa juu asiwe anaogelea na yake, wala asiwe amekaa mashuani akila mabuyu. Macho yake yawe kwako. Ukianza kupanda anashuka kukulaki, muonane kama mita 10 hivi, mnapanda uso kwa uso. Ukitoka anakutazama sekunde 30 kamili kabla ya kugeuza shingo. Na awe anaweza kufika kina unachofika wewe. Kama yeye mwisho wake ni mita 12, basi siku hiyo na wewe mwisho wako ni 12, hata kama una mapafu ya nyangumi.

Na ajue la kufanya. Umezimia: anakushika kidevu na kisogo, anafunga mdomo wako na kukupandisha. Juu, anakuvua miwani, anakupuliza usoni, anakupiga vikofi shavuni na kukuita jina, "pumua!" Wengi huamka hapo. Zikipita sekunde 10 kimya, anakupa pumzi mbili za mdomo, na mnakimbilia pwani au mashua. Fanyeni mazoezi hayo mara 20 kwenye maji ya kiuno, huku kila mtu akicheka, kabla ya kuyahitaji siku ambayo hakuna anayecheka.

Utaniambia una kipaji. Natalia Molchanova, bingwa wa Urusi wa kuzamia kwa pumzi moja, alikuwa nacho kuliko wewe, mimi na Mombasa yote tukijumlishwa. Dakika 9 na sekunde 2 kwa pumzi moja akiwa ametulia bwawani, na mita 101 baharini kwa nguvu ya miguu yake. Tarehe 2 Agosti 2015, karibu na kisiwa cha Formentera, Hispania, alishuka kina ambacho kwake kilikuwa kama kwenda dukani, mita 30 na kitu, na hapakuwa na mzamiaji wa kiwango chake wa kumlinda. Hakuonekana tena.

Basi ukiniuliza kama inafaa kufa kwa kitu ukipendacho, naona swali limekosa mlango. Mzee wako anaposema ni kujiua anaitazama bahari. Bahari mimi siiogopi hivyo. Hatari yake sehemu kubwa ni ile unayokwenda nayo mwenyewe kutoka nyumbani: kwenda peke yako, kuhema, kutopumzika. Ukishaitoa hiyo, kinachobaki ni cha kubeba, na mzee ukimleta siku moja akae mashuani ataona.

Kupumzika: kaa juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Umekaa dakika moja na nusu, dakika 3 juu, zaidi ukienda kina kikubwa. Kabla ya kushuka pumua kama mtu anayetaka kusinzia, dakika 2 hivi, kisha pumzi moja kubwa na basi. Ukitoka usipulize yote nje kwa kishindo. Toa kidogo, vuta haraka, shikilia sekunde moja, toa kidogo, vuta tena, mara tatu au nne. Risasi za kiunoni, zile vipande vizito vya mkanda vya kukusaidia kushuka: jipime juu, ukitoa pumzi kichwa bado kielee, na kwenye mita 10 usiwe unazama. Ukizama hapo, punguza. Kifungo cha mkanda kiwe cha kufunguka kwa mkono mmoja. Una mafua, lala. Sikio la kufa halisikii dawa, na la mzamiaji mwenye mafua halisikii hata adhana.

Dania ililazwa mwaka 2002 nje ya mwamba, kwenye mita 30 hivi. Usiitaje tena mwaka huu. Kusi kukivuma maji yamechafuka, huoni hata mkono wako. Ngoja kaskazi, na uende maji yakisimama. Siku za bamvua maji yakipwa yanatoka kwenye mlango wa mwamba kwa kasi ya pikipiki na hayakuulizi kwenu wapi.

Kazi usiache. Hakuna sababu ya kisayansi, ila mashua ina mafuta na mafuta yana bei. Mapezi nunua ya plastiki yaliyo marefu, ya nyuzi za kaboni utayavunja kwenye mwamba wiki ya kwanza, na kuhusu rangi sijali. Mwenye mapezi ya ziada hawi mwenzako wa juu mpaka umemwonyesha yale ya kidevu na kisogo. Jumapili unakwenda na nani?