Kaliba mbadala kwa bunduki ya oda: maswali yenu kutoka Tanga mpaka Bagamoyo

Mambo vipi wadau. Safari hii meseji nyingi ni za watu wanaotaka kuundiwa bunduki ya kuwindia kwa oda, yaani mtutu unauchagua wewe, kitako unachagua wewe na kaliba pia (ukubwa na aina ya risasi inayokula), na karibu wote hawataki .30-06 wala .308 kwa sababu eti kila mtu anayo. Kwani kila mtu kuwa nayo ni kosa? Basi, zilizofanana nimeziunganisha. Na tuelewane mapema, hapa naongea na wenye leseni, na kazi ya bunduki inafanywa na fundi mwenye kibali, awe wa ndani au wa nje.

Shikamoo mzee. Nina Mauser 98 ya .30-06 niliyorithi, karatasi zake zote ziko sawa, ila mtutu umekwisha, mistari ya ndani haionekani tena. Fundi anasema tukibadili mtutu tunaweza kubadili na kaliba. Rafiki yangu ananisukuma nichukue 9.3x62. Nataka ya pofu na kongoni, na Mungu akijalia siku moja nyati. (Raskazone, Tanga)

Marahaba mjomba. Huyo rafiki yako anajua anachokisema, tena kakuchagulia kaliba yenye historia na huku kwetu. 9.3x62 ilitengenezwa mwaka 1905 na fundi wa Berlin aitwaye Otto Bock, na wateja aliowalenga ni walowezi na maofisa wa Kijerumani waliokuwa Afrika, Tanga ikiwemo, watu waliotaka bunduki moja ya kila mnyama na hawakuwa na hela ya kununua zile za Kiingereza za mitutu miwili. Ujanja wa Bock ni kwamba alipima ganda la risasi liingie kwenye Mauser 98 ya kawaida kabisa, hakuna kukata chuma. Hizo namba ni hivi, 9.3 ni upana wa kichwa cha risasi kwa milimita, 62 ni urefu wa ganda.

Sasa njoo kwenye bunduki yako. Toa bolti, kile chuma unachokivuta nyuma na mbele kupakia risasi, uiangalie usoni, pale kitako cha ganda kinapokaa. Ganda la .30-06 lina kitako cha milimita 12 hivi, la 9.3x62 karibu sawasawa, kwa hiyo bolti inabaki ileile, ndoana ya kuvutia ganda ileile, magazini ileile, labda fundi asugue kidogo zile kingo za magazini zinazoshika risasi maana hili ganda lina mabega membamba, halafu anafunga mtutu mpya na kupima nafasi kati ya bolti na ganda kwa vipimo maalum. Hicho kipimo usikubali kiachwe. Na mtutu mpya upigwe chapa ya kaliba mpya, sio unabaki hauna maandishi halafu mwanao anakuja kurithi kitendawili.

Nguvu yake je? Kichwa cha kawaida ni grein 286, gramu 18.5, kinatoka mita 720 kwa sekunde kama hivi. Yako ya sasa inarusha grein 180 kwa mita 820. Kwa hiyo unapoteza kasi kidogo unapata uzito mwingi, na pofu ni mnyama mkubwa kuliko ng'ombe wengi unaowajua, uzito unausikia. Teke lipo lakini sio la kukung'oa bega.

Shida yako ni nyati. Kwa sheria zetu nyati anataka kuanzia .375, na 9.3 ukiigeuza kuwa inchi ni .366. Umekosa kwa unywele! Nyati mwenyewe hawezi kujua tofauti hiyo ila ofisa wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ataijua, na ukiniletea hoja kwamba Zimbabwe wanaruhusu haitakusaidia, wale wanahesabu na nishati ya risasi, sisi sio Zimbabwe. Kama nyati ni ndoto ya kweli soma jibu linalofuata, kama ni ya kusemea tu chukua 9.3 utaipenda.

Ila kabla hujalipa hata shilingi ya mtutu fanya mambo mawili. La kwanza nenda polisi waliokupa leseni uwaeleze unataka kubadili kaliba, maana leseni ni ya bunduki fulani yenye maelezo yake, huwezi kubadili huku karatasi inasema kingine. La pili ingia kwa muuza risasi mwenye leseni umuulize leo hii kwenye rafu ana nini. Sio anaweza kuagiza nini, ANA nini. Wenye duka wote wanaweza kuagiza, mpaka siku unapotaka.

Na hili la risasi si la leo hapa Tanga. Novemba 1914 Waingereza walipoleta jeshi lao kutoka India kuja kuuchukua mji huu, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa na Mauser za zamani za modeli ya 71, kaliba ya milimita 11, baruti nyeusi, ukipiga moja wingu la moshi linamwonyesha adui ulipo. Waingereza wakashindwa, wakarudi melini wakaacha vitu ufukweni, na von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wajerumani, aliandika kwamba alipata bunduki za kisasa za kutosha kombania 3, bunduki za mashine 16 na risasi laki 6. Unadhani waliopewa zile bunduki waliuliza ni kaliba gani? Walibeba ile yenye risasi.

Mkuu mimi nyati ni lazima. Akshini niliyonayo (ile sehemu ya katikati inayobeba bolti na magazini) ni ya urefu wa kawaida wa .30-06. Niweke .375 H&H au .375 Ruger? Na .338 Winchester Magnum haiwezi kutosha? (Magomeni, Bagamoyo)

.338 tuifute kwanza, namba yenyewe inajieleza, iko chini ya .375, kwisha.

.375 H&H ya Holland & Holland ya London imekuwepo tangu 1912 na ndo inayojulikana zaidi kwa wanyama hatari Afrika nzima. Ganda limechongoka vizuri linaingia na kutoka kama limepakwa samli, na kichwa cha grein 300 kinakwenda mita 770 kwa sekunde. Tatizo ni refu. Risasi nzima ina milimita 91, ya .30-06 ina 85, na kuna watu walizibinya kwenye Mauser za kawaida kwa kukata chuma mbele ya magazini, na pale mbele ndipo penye kishikio cha chini cha bolti. Yaani unapunguza chuma mahali chuma kinapofanya kazi. Zipo zilizodumu, mimi nisingeiweka uso wangu nyuma yake.

.375 Ruger ilitoka 2007, Hornady watengeneza risasi wakishirikiana na Ruger watengeneza bunduki, na iliundwa hasa kwa mtu kama wewe: ganda nene lakini urefu wa .30-06, nguvu sawa na H&H au zaidi kidogo, kichwa kilekile. Lakini kitako cha ganda ni milimita 13.5, hivyo bolti ya .30-06 haiishiki, lazima uso wa bolti utanuliwe au ununue bolti nyingine, na magazini nayo itaguswa, na gharama inapanda mpaka unajiuliza kwa nini usiuze hiyo ukanunua iliyokuja na .375 kutoka kiwandani. Na swali hilo ni zuri, mimi ningeuza. Ningenunua H&H iliyotumika, kwa sababu kambi za uwindaji hapa nchini ukiishiwa risasi mwenye H&H utampata, mwenye Ruger utamwombea dua.

Naona kwenye YouTube kila mtu ni 6.5 Creedmoor. Nataka ya swala na nguruwe pori. Vipi? (Bagamoyo)

Ni kaliba nzuri, kuna wanaoiponda kwa kuonea gere tu. Ni ya Hornady, 2007 pia, teke dogo, vichwa virefu vyembamba vinavyokata upepo vizuri, mistari ya ndani ya mtutu wake inataka izunguke mara moja kwa kila inchi 8 ili vichwa hivyo vitulie hewani. Ilitengenezwa kwa mashindano ya shabaha za mbali. Sasa wewe niambie, vichaka vya huko Wami na Miono unaona mita ngapi mbele yako? Mara nyingi hata 100 hazifiki, halafu mnyama anakuangalia kupitia matawi. Sifa yake kubwa inabaki nyumbani. Kwa swala pala na nguruwe itafanya kazi safi, ila na .308 ya mwaka 1952 itafanya kazi hiyohiyo na risasi zake ni rahisi kupatikana. Na tafadhali usije ukanitumia picha uko upande wa Saadani, kule ni hifadhi ya taifa, hakuna cha kaliba.

Mimi ni mwanamke, mume wangu ana .300 Winchester Magnum na kila nikipiga nafumba macho. Tunataka kuunda ya kwangu. Watu wananicheka nikisema nataka ndogo. (Pangani)

Dada yangu, wanaokucheka nao wanafumba macho ila hawasemi. Teke la .300 Winchester Magnum ni kali kwa mtu yeyote, na mtu akishaanza kuliogopa anavuta kifyatulio kwa kukistukia, shabaha inakwenda majani, hapo unajeruhi mnyama na kumaliza siku nzima mkimfuata damu.

Nenda 7x57 Mauser au 7mm-08. Ya kwanza ni ya miaka ya 1890, Waingereza wakaibatiza .275 Rigby, na yule Mskochi W.D.M. Bell aliyewinda Karamoja huko Uganda aliua mamia ya tembo kwa hiyohiyo ndogo, kwa vichwa vilivyofunikwa chuma visivyopasuka na kujua ubongo uko wapi. Sikwambii ukapige tembo, sheria haikuruhusu na hata yeye leo angefungwa, nakwambia tu uwaambie hao wanaokucheka. 7mm-08 ni ganda la .308 lililobanwa shingo, inaingia kwenye akshini fupi, bunduki inakuwa nyepesi. Kichwa cha grein 140 kinatosha swala, kuro, kongoni. Kati ya hizo mbili chukua ile ambayo muuzaji wako anayo. Na kitako kikatwe kwa urefu wa mkono wako wewe, sio wa bwana, hilo peke yake linapunguza nusu ya maumivu.

.308 naweza kupiga kwenye bunduki ya .30-06? Vichwa si sawa? (Muheza)

USIFANYE. Vichwa sawa, ganda ni milimita 51 kwa 63. Inaingia kwa sababu ni fupi, halafu ganda linapasuka ndani ya chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa.

Kuna fundi wa leti hapa Ngamiani anasema anaweza kunichongea mtutu wa kaliba yoyote kwa bei poa. (Tanga)

Hana kibali, na wewe ukikubali unaingia naye, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 haina utani na watu wa namna hiyo. Na tuache sheria, chuma cha shafti ya gari sio chuma cha mtutu. Ndani ya chemba ya .30-06 kuna presha ya zaidi ya baa 4,000, tairi la gari lina baa 2 na nusu na likipasuka unajua linavyofanya. Awachongee watu bushi, anajua hiyo kazi.

Nina mpango wa kaliba ya kubuni, ganda la .30-06 nilipanue mabega mwenyewe, kiwandani haipo. (Korogwe)

Ambayo kiwandani haipo maana yake risasi zote ujaze mwenyewe, na kutengeneza risasi bila leseni hapa ni kesi. Pita.

Mtutu wa stenlesi au wa rangi nyeusi? Nakaa karibu na bahari. (Mkwaja)

Stenlesi, kama hela ipo. Nayo inapata kutu, ila polepole, inakupa muda wa kuiona. Kaliba yoyote utakayochagua chumvi ya kule haibagui. Usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi hata siku moja, ngozi inanywa unyevu na kuukabidhi chuma, utaitoa baada ya masika ukute vidoti vya hudhurungi pembeni ya bolti na kwenye skrubu za kitako. Kitako cha mti kipakwe mafuta mpaka ndani kule kisikoonekana, pale mtutu unapolala, kwa sababu mti ukivimba unausukuma mtutu na shabaha uliyoirekebisha Desemba haitakuwepo Mei. Plastiki ngumu haina hayo mambo, sura tu ndo haina. Na asubuhi ya kwenda porini pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, mafuta yakibaki risasi ya kwanza inakwenda inakotaka yenyewe.