Jibu: Kila mtumiaji aende ukurasa wake baada ya kuingia

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu, mzazi na mhasibu wakishaingia kwenye mfumo wako wa PHP wote wanaangukia index.php, yaani ukurasa wa mwanzo. Ni kwamba unahakiki nywila tu, wadhifa wa mtu huuangalii. Ongeza safu ya wadhifa kwenye jedwali la watumiaji. password_verify(), inayohakiki nywila, ikikubali, ita session_regenerate_id(true) ili sesheni ipate kitambulisho kipya, hifadhi id ya mtumiaji na wadhifa wake kwenye $_SESSION (kumbukumbu ya seva kuhusu mtu aliyeingia), kisha:

$kurasa = ['mwalimu' => 'mwalimu.php', 'mzazi' => 'mzazi.php', 'mhasibu' => 'mhasibu.php'];
header('Location: ' . ($kurasa[$_SESSION['wadhifa']] ?? 'index.php'));
exit;

Hiyo exit usiiache, la sivyo seva itaendelea kutekeleza msimbo uliobaki chini. Ukipata "headers already sent", tafuta echo iliyotangulia header(), au hata nafasi tupu kabla ya <?php.

Ila wengi wanateleza hapa: kumwelekeza mtu si kumzuia. Mzazi akijiandikia mhasibu.php kwenye kivinjari, ukurasa unafunguka kiulaini kabisa. Kila ukurasa ukague wadhifa mwanzoni, kabla haujatoa chochote. Na taarifa za mtoto zivute kwa id ya mzazi iliyo kwenye sesheni, si kwa ?id=7 ya kwenye anwani, maana mzazi atabadilisha iwe 8 asome matokeo ya mtoto wa jirani.