Kabla hujamsimamisha mgonjwa aliyetoka ICU

Mgonjwa aliyekaa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, wiki nzima kwenye mashine ya kupumulia atakwambia, "Naweza kutembea," na anaamini kabisa. Wewe pima kwanza.

Anza na faili: presha, mapigo, oksijeni, mifupa iliyovunjika, kama bado yuko kwenye dawa za kupandisha presha. Alivyokuwa akitembea kabla ya kuugua waulize ndugu, maana mara nyingi hakuna aliyeandika. Halafu mpe maagizo matano: fumba na fumbua macho, nitazame, toa ulimi, itikia kwa kichwa, nikihesabu hadi tano pandisha nyusi. Asipofikisha matatu, ahirisha kupima nguvu. Utapata majibu ya dawa za usingizi au ya kuchanganyikiwa, na misuli hutakuwa umeipima.

Kipimo cha MRC, cha nguvu za misuli, kinagusa bega, kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga, goti na kifundo cha mguu, kulia na kushoto, kila sehemu 0 (msuli haujikazi kabisa) hadi 5 (nguvu kamili). Jumla ni 60. Chini ya 48 huhesabiwa kuwa ni udhaifu uliotokana na ICU. Ila jumla peke yake inadanganya, na hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapoteleza. Mwenye nyonga 3 na magoti 2 kila upande, na kwingine kote 5, anapata 50, na magoti yake hayatambeba. Soma alama za miguu peke yake.

Sasa mketishe ukingoni mwa kitanda, nyayo zikanyage sakafu. Kabla ya hapo legeza dripu, mpira wa mkojo na bomba la oksijeni visivutwe. Pima presha baada ya dakika 1 na dakika 3: ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, na kichwa kinazunguka, mrudishe alale. Mwambie anyooshe goti alishikilie hewani kwa sekunde tano. Akishindwa, usimsimamishe peke yako. Akisimama, apige hatua palepale kwanza. Tazama vidole vya mguu kama vinaburuzwa, kwani neva iliyobanwa pembeni ya goti kwa kulala muda mrefu huangusha mguu.

Kwenye faili usiandike "anatembea". Tumia kipimo cha ICU cha 0 hadi 10: 3 anakaa ukingoni, 4 anasimama, 7 anatembea akisaidiwa na watu wawili au zaidi, 8 mtu mmoja, 9 kwa fimbo au fremu, 10 bila msaada wowote. Ongeza mita alizokwenda, lita za oksijeni na kilichomsimamisha: pumzi, miguu au hofu.

Rudia kesho. Aliyekuwa 7 akiwa 4 asiitwe mvivu. Angalia homa, pumzi na uvimbe wa mguu mmoja, umwite daktari siku hiyohiyo.