Maswali na majibu: yoti ya mtumba kabla hujailipia

Safari hii karibu barua zote zinauliza habari za yoti za wageni zinazoishia pwani yetu. Mwenyewe amevuka Bahari ya Hindi, amefika Kilifi, Tanga au Dar, kachoka au fedha zimemwishia, basi anabandika tangazo na kutafuta ndege ya kwao. Nimechukua maswali sita.

Nahodha, shikamoo. Kuna yoti ya futi 36, ya mwaka 1984, inauzwa dola 28,000. Orodha ya vifaa vyake ina kurasa tatu: rada, usukani wa kujiendesha, mashine ya kuchuja maji ya bahari, rafti ya kujiokoa, matanga saba. Muuzaji anasema vifaa peke yake vinapita bei hiyo. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Huenda ilikuwa kweli siku vilipotoka dukani. Chukua kalamu, kila kifaa kiandikie mwaka wake pembeni, kisha anza kufuta.

Rafti hutakiwa kufunguliwa na kukaguliwa na wakala aliyeidhinishwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kutegemea aliyeitengeneza. Kama cheti cha mwisho ni cha 2013, andika sifuri. EPIRB, kile kifaa cha kurusha ishara ya dharura kwenye setilaiti, kina betri yenye tarehe ya mwisho iliyochapwa ubavuni, isome. Ukikuta ni cha zamani cha megahezi 121.5 pekee, ujue setilaiti ziliacha kukisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009, kwa hiyo ni pambo. Hata kikiwa kizima cha megahezi 406, kinachosikika hadi leo, bado kimesajiliwa kwa jina la mwenyewe wa kwanza. Usipokibadilishia usajili, siku ukizama watampigia simu yeye.

Mashine ya kuchuja maji ikikaa miezi bila kutumika na bila dawa ya kuihifadhi, utando wake huharibika. Mwambie muuzaji aiwashe, mnywe wote wawili kikombe kimoja kimoja. Akisitasita, futa. Usukani wa kujiendesha ujaribiwe baharini, kwenye mawimbi, si gatini. Rada ya zamani inayofanya kazi ni kitu kizuri, ila usiilipie.

Matanga saba yasikutishe. Jua letu hula uzi kabla ya kitambaa: kwaruza mshono kwa ukucha, uzi ukikatika tanga hilo linahitaji kushonwa upya. Lile tanga kubwa la rangi rangi la upepo hafifu mara nyingi utalikuta jipya kabisa, kwa sababu mwenyewe alikuwa analiogopa.

Mimi ningelipia nini? Nanga nzito na mita 60 za mnyororo wa milimita 10 ambao zinki yake haijachunika. Injini ya dizeli inayowaka ikiwa baridi (fika mapema uiguse kwa mkono, ukiikuta vuguvugu, uliza nani aliiwasha na kwa nini). Na ile injini ndogo ya Yamaha ya dinghi, kile kiboti cha kwendea pwani, ambayo fundi wa pwani yoyote anaifungua amefumba macho. Baada ya kufuta, utaona kurasa tatu zimebaki mistari mitano, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapoanza.

Waya za mlingoti zinang'aa kama mpya, na muuzaji anaapa hazijawahi kukatika. Nizibadilishe? (Kilifi)

Uliza risiti, usitazame mng'ao. Chuma cha pua huliwa ndani kwa ndani, pale waya unapoingia kwenye kishikio chake, ambapo chumvi hujificha na macho hayafiki. Kampuni nyingi za bima huanza kuuliza maswali waya zikifika miaka 10 hivi. Pitisha pamba kuanzia juu hadi chini. Uzi mmoja wa waya uliokatika utainasa. Kisha ingia ndani, ondoa mbao za kabati, uzione bamba zinazoshikilia waya kwenye bodi, yaani mwili wa yoti. Ukiona michirizi ya kutu pale, usiulize tena habari za kung'aa.

Muuzaji amekiri kwamba miaka ya nyuma yoti iligonga mwamba ikatengenezwa. Mkuku wake, lile pezi zito la chini, umefungwa kwa bolti. Niogope? (Mombasa)

Ndiyo, kwa kiasi. Mei 2014 yoti ya Uingereza iliyoitwa Cheeki Rafiki, aina ya Beneteau First 40.7, ilikuwa inarudi Southampton kutoka Antigua. Mkuku ukachomoka katikati ya Atlantiki, yoti ikapinduka, na mabaharia wote wanne wakapotea. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba kugonga chini mara kadhaa na matengenezo yaliyofuata huenda vililegeza gundi iliyoshika bodi na fremu ya ndani.

Haimaanishi kila mkuku wa bolti ni kaburi. Yoti maelfu zinatembea nao. Lakini kipigo cha mbele husukuma ncha ya nyuma ya mkuku juu, kwa hiyo nyufa zitafute huko nyuma, ndani, kandokando ya fremu. Dai maelezo ya fundi aliyeitengeneza, na picha. Kama hana kimoja wala kingine, mimi ningeiacha, hata kwa nusu bei.

Huku hakuna mashine ya kunyanyua boti. Nitaonaje chini kabla ya kulipa? (Msomaji, Tanga)

Bahari itakunyanyulia bure. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na pwani hii maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi jioni na alfajiri, yakapwa kwenye saa nne asubuhi. Yaani unapata saa kadhaa za mchana kweupe, boti imesimama mkavu. Mababu walipwelesha majahazi hivyo hivyo kuyapaka mafuta na chokaa.

Angalia aina ya mkuku. Yoti yenye mkuku mrefu husimama vizuri ikiegemezwa ukutani au kwenye nguzo. Yenye mikuku miwili husimama yenyewe. Ile yenye mkuku mwembamba na usukani unaoning'inia peke yake, mwenyewe akikataa ana haki. Hiyo tafuta reli ya kuivutia nchi kavu au kreni.

Usiipweleshe siku ya kilele cha bamvua. Maji ya kesho yake yatakuwa madogo, na unaweza kukaa hapo hadi bamvua lijalo huku muuzaji anakutazama. Ifanye siku moja au mbili kabla, maji yakiwa bado yanaongezeka. Ukishafika chini, tikisa usukani kwa mikono miwili, tikisa shafti ya propela, kwangua kidogo valvu za maji: shaba iliyogeuka rangi ya waridi imekwisha nguvu. Malengelenge madogo kwenye faiba yasikuondoe. Ni sababu ya kupunguza bei, mara chache ni sababu ya kukimbia.

Mwenyewe ni Mwingereza, ana cheti cha usajili na anataka kulipwa haraka. Cheti kinatosha? (Dar es Salaam)

Kitazame ni cha daftari gani. Daftari kuu la Uingereza, Part I, hugawa chombo katika hisa 64, huonyesha mwenyewe na huandika rehani. Nambari yake huwa imechongwa kwenye chombo chenyewe. Daftari la vyombo vidogo, ambalo nambari yake huanza na SSR, si ushahidi wa umiliki wala haliandiki rehani. Ukipewa hilo, dai hati za mauzo kutoka mnunuzi hadi mnunuzi. Kama yoti iliuzwa mpya Ulaya baada ya 1998, tazama na ile nambari ya bodi nyuma shetrini upande wa kulia: tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa toleo. Tangazo likisema 2004 na nambari ikaishia 99, mmeshapata la kuzungumza.

Kisha forodha. Yoti ya mgeni kwa kawaida imeingia kwa kibali cha muda bila kulipiwa ushuru. Ikiuzwa hapa, ushuru unadaiwa, na juu yake VAT, asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya. Nenda mamlaka ya mapato, TRA au KRA, kabla ya kutoa hata amana. Usajili wa hapa utaupata kwa mamlaka za usafiri wa majini: TASAC kwa Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Haraka yake isiwe yako.

Jiko la gesi la ndani ni salama? Mke wangu hataki kulisikia. (Msomaji, Pemba)

Shemeji ana hoja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja chomboni hushuka hadi ngama, chini kabisa ya chombo, na kungoja cheche. Mtungi lazima uwe kwenye sanduku lake, lenye tundu la kutolea gesi nje, juu ya usawa wa maji. Mpira wa gesi nao umeandikwa tarehe. Ukiwa mkongwe, badilisha kabla ya kuchemsha chai. Mtungi aliokuja nao mgeni huenda usijazwe hapa kwa sababu kichwa chake ni tofauti, kwa hiyo utanunua mtungi na regaleta za hapa. Pima kwanza sanduku: mtungi wetu wa kilo 6 unaweza kukataa kuingia.