Klorini ya maji ya bwawa inayouzwa kwa dumu: utajuaje kama bado ina nguvu au imechoka

Mkuu, usimrudie muuzaji bado. Umesema umenunua dumu la klorini la lita 20 lililoandikwa asilimia 12, jioni ukamwaga lita 2 kwenye bwawa la lita elfu 50 kama kawaida yako, na kesho yake saa sita mchana kipimo kikasoma sifuri huku maji yakianza ukijani. Hapo hujathibitisha kwamba dumu ni bovu. Lita 2 za asilimia 12 kwenye maji hayo huongeza kama miligramu 4.8 kwa lita, na mwani ukishaanza kuota unaweza kuzila nyingi ya hizo usiku mmoja. Zinazobaki huishia kwenye jua: bwawa lisilo na stebilaiza (kemikali inayokinga klorini dhidi ya jua) hupoteza nusu ya klorini yake kwa muda usiofika saa moja jua likiwa kali. Dumu lazima lipimwe peke yake, nje ya bwawa.

Nahudumia mabwawa ya majumbani huku Mbezi Beach na Masaki, na malalamiko ya "nimeuziwa maji" huja kila joto la Desemba linapoanza. Wakati mwingine ni kweli kabisa. Ila wengi wanahukumu kwa pua, na pua haifai kwa kazi hii. Hata jiki ya kufulia yenye asilimia 3 na ushee inanuka vizuri tu. Ile harufu ya bwawa inayowasha macho ndiyo inapotosha zaidi, maana hiyo ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Rangi nayo hukupa fununu tu: mzigo mpya una unjano unaoelekea kijani, ukichoka hupauka, na ukiona wekundu kama wa kutu ujue chuma kimeingia. Kuna wanaosugua kati ya vidole kuona kama inateleza. Utelezi huo unatoka kwenye magadi makali yanayowekwa ili isiharibike haraka, hauonyeshi nguvu yoyote, na ngozi inaumia bure.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 1. Tafuta ndoo safi, uijaze lita 20 za maji ya kunywa ya chupa au mtungi, na upime ujazo kwa chupa ya lita badala ya kuamini alama ya ndoo. Yapime kwanza hayo maji matupu, yasome sifuri. Maji ya bomba yanaweza kuja na klorini yake, na ya kisima yakiwa na chuma yatakula ya kwako kabla hujasoma. Vaa glovu na miwani, tia mililita 1 kutoka kwenye dumu, koroga, kisha pima kama unavyopima bwawa. Namba utakayoona (miligramu kwa lita) zidisha kwa 2, hiyo ndiyo asilimia. Hesabu yake ni hii: asilimia 10 ni gramu 100 ndani ya lita, yaani miligramu 100 ndani ya mililita, na ukizigawa kwa lita 20 unapata 5.

Sasa angalia mtego. Asilimia 12 itatoa 6 kwenye ndoo hiyo, na vipimo vingi vya rangi tulivyo navyo vinaishia 3 au 5. Kwa hiyo chota glasi moja kutoka kwenye ndoo, changanya na glasi moja ya maji matupu, pima mchanganyiko huo, halafu zidisha kwa 4. Usiruke hatua hii. Dawa ya DPD, ile inayogeuza maji ya kipimo kuwa waridi, ikikutana na klorini nyingi mno hupaushwa: inapiga waridi kufumba na kufumbua, kisha inabaki nyeupe kama maji, nawe unaandika sifuri. Nimeona bwawa likiongezwa dumu juu ya dumu kwa sababu ya "sifuri" ya namna hiyo. Mwenye kile kipimo cha kuhesabu matone ana nafuu, kinasoma juu zaidi na hakitegemei macho kulinganisha waridi na waridi.

Ukipata 11 na lebo inasema 12, nyamaza. Mililita 1 ya sindano ina makosa yake, na viwanda havihesabu asilimia kwa njia moja: wengine kwa uzito, wengine kwa ujazo. Ukipata 6, hapo una kesi, ila bado hujui ya nani.

Na hapa ndipo mizani inaposaidia, kitu ambacho sioni watu wakikitumia. Klorini ya asilimia 12 ni nzito kuliko maji. Lita 20 zake huwa kilo 23 na ushee bila uzito wa dumu, wakati maji matupu ni kilo 20. Ikizeeka haiwi nyepesi, kwa sababu kinachotokea ndani ni klorini kugeuka chumvi na kloreti, na vyote viwili vinabaki humo humo. Kwa hiyo dumu linalosoma 6 lakini bado lina uzito wake limezeeka. Linalosoma 6 na uzito umeshuka kwenye kilo 21 au 22, mtu ameongeza maji. Mjanja anaweza kurudisha uzito kwa chumvi, sikatai, ila wengi wa mtaani hawajafika huko. Ndiyo maana pia yule fundi anayetumbukiza kipima uzito wa kimiminika na kutangaza "hii kali" anaweza kuwa anapima chumvi.

Uzee wenyewe unakuja haraka kuliko watu wanavyodhani, na kadiri klorini ilivyo kali ndivyo inavyokufa upesi. Kwenye nyuzi 25 ya asilimia 15 hupoteza nusu ya nguvu kwa kama siku 100, ya asilimia 10 kwa kama siku 220. Ongeza nyuzi 10 na kasi inapanda mara tatu au nne. Sasa fikiria stoo ya bati ya Dar mwezi wa pili. Mimi dumu la 12 likikaa mwezi mahali pa namna hiyo natarajia 8 au 9, sitarajii 12. Kwa hiyo dukani uliza tarehe ya kutengenezwa, na kama hawaijui angalia madumu yamepangwa wapi. Yakiwa nje barazani yanapigwa jua, pita. Duka linalouza mzigo na kupokea mwingine kila wiki nalipenda kuliko lenye bei nzuri. Dumu lililovimba liogope pia: ni oksijeni inayotoka, mara nyingi kwa sababu ya vumbi la shaba au chuma ndani. Lifungulie nje, polepole, uso ukiwa mbali.

Ukilazimika kununua ya kutumia miezi miwili, ipunguze nusu kwa nusu kwa maji safi siku ile ile ilipofika, kwenye madumu ya plastiki yasiyopitisha mwanga, na uandike asilimia mpya. Kasi ya kuharibika inashuka karibu mara nne. Usiiweke chumba kimoja na asidi ya bwawa, zikikutana zinatoa gesi inayoua, wala karibu na pampu, mvuke wake unakula mota. Klorini ya unga nayo isimwagiwe ndani ya dumu hilo.

Bei pia itazame kwa gramu. Tuseme dumu la elfu 40 limesoma 12: lina gramu 2,400, sawa na kama shilingi 17 kwa gramu. La elfu 30 likisoma 6 lina gramu 1,200, na umelipa 25.

Lako likisoma 6 usilimwage. Halina ubaya mwingine, utaweka lita 4 pale ulipozoea 2. Mwaga jioni jua likishatua, pampu izunguke saa nzima, pima usiku huo, na upime tena alfajiri kabla jua halijatoka. Usiku ikipanda vizuri na alfajiri imeshuka kwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita, dumu halina kosa, ni mwani unakula, na dawa yake ni brashi ukutani na klorini zaidi. Ukishapima ndoo na mizani, weka namba zote mbili hapa tuzione.