Gitaa la pili, si mbwembwe

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini Keith Richards, mpiga gitaa wa bendi ya rock ya Uingereza, Rolling Stones, anabadilisha magitaa jukwaani, wakati ninyi hapo Kirumba mnapiga usiku kucha na moja. Nyimbo zake nyingi ziko kwenye tyuni ya wazi ya G: uzi mnene wa sita anautoa kabisa, tano zinabaki G-D-G-B-D. Ukicharaza bila kushika popote, kodi nzima ya G (noti kadhaa kwa pamoja) inalia. Laza kidole kimoja juu ya nyuzi zote kwenye freti ya tano (kile kijichuma cha tano shingoni), umeshapata kodi ya C. Telecaster zake kadhaa (aina ya gitaa la umeme) hukaa hivyo hivyo, na akitaka ufunguo wa juu zaidi anabana kapo, kibanio cha kushika nyuzi zote shingoni.

Jaribu nyumbani: legeza uzi wa tano kutoka A hadi G, wa kwanza kutoka E hadi D, wa sita usiupige. Tatu za katikati ziko tayari. Ila katikati ya shoo usithubutu! Uzi uliolegezwa huchukua muda kutulia, ubeti wa pili utakukuta umeshatoka kwenye tyuni. Azima gitaa la pili, hata lililobanduka rangi, likae kwenye tyuni hiyo ya G. Solo za dansi zibaki kwenye lile lenye tyuni ya kawaida.